Artur Schnabel: Mpiga piano aliyeutii mkono wa Beethoven

Mashabiki waliofurika kumbi za muziki barani Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 walizoea kumtazama mpiga piano kama mwanasarakasi: kadiri vidole vilivyokimbia ndivyo makofi yalivyovuma. Artur Schnabel hakuwapa burudani hiyo. Hata nyimbo za nyongeza mwishoni mwa tamasha hakuzipiga.

Alizaliwa Aprili 17, 1882 mjini Lipnik, uliokuwa chini ya milki ya Austria na Hungary na ambao sasa umo Poland. Akiwa mtoto bado, alipelekwa Vienna kufunzwa na Theodor Leschetizky, mwalimu aliyesifika kwa kuwanoa wapiga piano hodari. Mwalimu huyo alitambua mapema kwamba kijana wake hakuumbiwa mbwembwe. Badala ya vipande vya Liszt vya kuonyeshea ufundi, alimpa sonata za Schubert, ambazo wengi walikuwa wamezipa kisogo.

Huko ndiko ulikochipuka msimamo wake kwamba mchezaji ni mfasiri wa muziki wala si mmiliki wake. Alizichambua kurasa za Beethoven alama baada ya alama: pa kunyamaza, pa kupaza, pa kuvuta pumzi. Mwaka wa 1927, karne moja baada ya kifo cha mtunzi huyo, alizipiga sonata zake zote 32 jijini Berlin.

Kurekodi lilikuwa jambo jingine. Aliikwepa mashine kwa miaka mingi, kwani aliona muziki unaozaliwa upya kila jioni haufai kugandishwa. Hatimaye alikubali, na kati ya 1932 na 1935 akazinasa sonata hizo zote London, akiwa wa kwanza kufanya hivyo. Katika Hammerklavier alithubutu kuufuata mwendo wa kasi aliouandika Beethoven mwenyewe, ambao wengi huukwepa. Vidole viliteleza, nota kadhaa zikapotea. Angepunguza kasi angepata usafi, lakini ghadhabu iliyomo ingepoa. Wapo wanaomkosoa hadi leo. Hata hivyo, santuri hizo zingali hai kuliko nyingi zisizo na doa.

Schnabel alikuwa Myahudi. Wanazi waliposhika hatamu mwaka wa 1933, aliihama Ujerumani, na mwaka wa 1939 akahamia Marekani. Mamake, aliyebaki Vienna, alipelekwa katika kambi ya Theresienstadt mwaka wa 1942 na kufia huko. Vita vilipokwisha, mwanawe hakukanyaga tena Ujerumani wala Austria. Alifariki nchini Uswisi, Agosti 15, 1951.