Edward Steere: Wakili aliyeitetea Biblia kwa Kiswahili

Katika vijiji vingi vya Katavi, Mkristo, Mwislamu na anayefuata mila za wazee wanalima mashamba yanayopakana, wanaoana na kuzikana. Lakini mabishano ya dini yakianza kijiweni, mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na majirani huondoka na kinyongo. Mkristo aitetee vipi Biblia mbele ya mtu asiyeiamini? Swali hilo lilimkuta Askofu Edward Steere huko Zanzibar zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Kabla ya kuwa padre wa Kanisa la Anglikana alisomea sheria na kuwa wakili. Sheria ilimfundisha kupima ushahidi na kusikiliza upande wa pili kabla ya kujibu.

Mwaka 1856 alichapisha kitabu kuhusu kuwepo kwa Mungu. Baadaye akatoa upya kitabu cha Joseph Butler, askofu wa Uingereza wa karne ya 18. Hoja ya Butler mkulima anaielewa haraka. Mkulima wa Mpanda huandaa shamba kabla ya mvua, ingawa hana hakika kwamba mwaka huo zitatosha. Anaangalia dalili, anakumbuka misimu iliyopita, kisha anaamua kupanda. Kwa Butler, mambo makubwa ya maisha huamuliwa hivyo, na ya imani vilevile. Kwa hiyo anayeitetea Biblia hahitaji kujifanya ana jibu la kila swali. Anaeleza sababu zake, na msikilizaji anazipima.

Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu William Tozer, wakitumwa na UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Walikuta mji wa Waislamu wenye wanazuoni wao, waliokijua vizuri kitabu chao. Hapakuwa mahali pa kumwona asiye Mkristo kuwa mtu asiyejua kitu.

Steere alianza kwa kujifunza. Alikaa na wenyeji, akasikiliza hadithi zao na kuziandika. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha hadithi za Waswahili wa Zanzibar na kingine cha kufundishia Kiswahili. Wakati huohuo alikuwa anatafsiri Biblia.

Katika kazi hiyo alisaidiwa na mtu ambaye wengi wasingemtarajia. Sheikh Abdul Aziz, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu mjini, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Sheikh hakuacha Uislamu na Steere hakuacha Ukristo, lakini waliheshimiana kiasi cha kusaidiana. Baadaye Steere aliona kwamba lugha ya Sheikh ilikuwa na Kiarabu kingi mno kwa mtu wa kawaida, akatafuta Kiswahili kinachoeleweka na wengi. Aliamini kwamba mtu hawezi kupima jambo ambalo hajalielewa.

Lakini kulikuwa na swali ambalo tafsiri peke yake isingelijibu. Watu kutoka bara, wakiwemo wa kandokando ya Ziwa Tanganyika, waliuzwa kama watumwa pale Zanzibar. Mtu angeweza kuuliza: huyo Mungu anayewapenda wote yuko wapi hapa?

Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko hilo. Misheni ikapata eneo lake, Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere alihubiri hapo kwa Kiswahili, na miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo Waislamu. Alipewa uaskofu mwaka 1874. Mwaka 1876 alisafiri mwenyewe na kundi la watu waliookolewa utumwani kuelekea bara, nao wakaanzisha makazi Masasi. Kwa waliotoka sokoni, hilo lilikuwa jibu lililo wazi kuliko mahubiri mengi.

Steere alifariki Zanzibar Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima ya Kiswahili ilikamilishwa na wenzake baada yake.

Waislamu wengi wa Zanzibar walibaki Waislamu. Kwa hiyo tukihesabu walioshindwa katika mabishano, hatutaona alichokifanya. Kazi yake inatufundisha mambo manne: jifunze lugha na mawazo ya unayezungumza naye, usidharau elimu yake, usidai hakika usiyokuwa nayo, na matendo yako yasiyakanushe maneno yako. Mabishano yakianza tena kijiweni, majirani wakifuata hayo wataweza kutofautiana na bado kesho yake wakasaidiana kupalilia.