Woo Jang-choon: Mwana wa Afisa Aliyeihudumia Nchi kwa Mbegu

Haya ni maisha ya mtu asiyeshika silaha, lakini aliyeitumikia nchi ya baba yake hadi pumzi ya mwisho.

Woo Jang-choon alizaliwa Japani mwaka 1898. Mama yake alikuwa Mjapani. Baba yake, Woo Beom-seon, alikuwa mkuu wa kikosi katika jeshi la Korea. Mwaka 1895 Wajapani walimwua malkia wa Korea ndani ya jumba lake, na afisa huyo akahesabiwa miongoni mwa walioshiriki njama hiyo. Akakimbilia Japani, na huko mwaka 1903 aliuawa na Mkorea mwenzake kwa kisasi. Jang-choon alikuwa na miaka mitano tu. Kwa Wakorea alikuwa mwana wa msaliti. Kwa Wajapani alikuwa mgeni. Ufukara ukamlazimisha mama yake kumweka kwa muda katika nyumba ya mayatima.

Alisomea kilimo Tokyo, kisha akaajiriwa katika kituo cha serikali cha majaribio ya kilimo. Huko aliichunguza Brassica, jamii ya kabichi na haradali. Ndani ya kila chembe hai ya mmea mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, nazo hubeba urithi wa wazazi. Kabichi na sukumawiki zina nyuzi 18, kabichi ya Kichina 20, na haradali nyeusi 16. Mimea mingine mitatu ya jamii hiyo ilikuwa na 38, 36 na 34. Msomaji na ajumlishe mwenyewe: 18 na 20 ni 38, 20 na 16 ni 36, 18 na 16 ni 34.

Woo hakuridhika na hesabu ya karatasini. Alipandanisha mimea ya kundi la kabichi na ya kundi la kabichi ya Kichina, akapata mmea wa nyuzi 38, sawa na rapa inayokamuliwa mafuta. Mwaka 1935 alitangaza kwamba ile mitatu ilizaliwa kwa kuungana kwa mingine. Hivyo ikathibitika kuwa aina mpya hazitokani na kutengana peke yake. Haradali ya Ethiopia, mboga iliwayo hata Afrika Mashariki, ndiyo ile yenye nyuzi 34.

Mwaka 1950 Korea ilikuwa na upungufu mkubwa wa mbegu za mboga, ambazo zamani zilitoka Japani. Woo akaitwa. Alimwacha mkewe na watoto sita, akaenda. Miezi michache baadaye vita vikazuka. Yeye aliendelea na kazi karibu na Busan, akizalisha mbegu bora za kabichi na figili, na viazi vya mbegu visivyo na maradhi. Wengi humsifu kwa tikiti lisilo na mbegu. Hilo ni kazi ya Mjapani Kihara Hitoshi.

Mama yake alipofariki mwaka 1953, serikali haikumruhusu kwenda kumzika. Fedha za rambirambi alizichimbia kisima cha ukumbusho kituoni, mahali palipokuwa na shida ya maji.

Agosti 1959 alivishwa nishani ya taifa akiwa kitandani, mgonjwa. Siku chache baadaye, tarehe 10, alifariki. Nchi iliyomkana baba ilimlilia mwana.