Patrick wa Ayalandi na meza ya sikukuu yake

Kila tarehe 17 ya mwezi wa tatu Waayalandi wanamkumbuka Patrick, mhubiri wa karne ya 5. Mezani huwekwa nyama ya nguruwe ya chumvi pamoja na kabichi na viazi, na mkate unaoumuliwa kwa bikaboneti na maziwa ya mtindi. Siku hizi wengi wanaijua sikukuu hiyo kwa pombe. Lakini kuanzia 1927, kwa miaka zaidi ya 30, sheria ya nchi ilifunga baa siku hiyo.

Patrick hakuzaliwa Ayalandi. Alizaliwa Britania, nchi iliyotawaliwa na Roma. Baba yake alikuwa shemasi, lakini kijana mwenyewe hakumjali Mungu. Alipokuwa na miaka karibu 16, wavamizi walimteka pamoja na watu wengi, wakampeleka Ayalandi utumwani. Alichunga mifugo miaka 6. Huko, katika mvua na baridi, alijifunza kuomba mchana na usiku.

Kisha akatoroka, akapata merikebu ya wapagani. Baada ya siku 3 baharini, walitembea siku 28 katika nchi isiyo na watu, chakula kikawaishia. Nahodha akamuuliza kwa nini Mungu wake hawasaidii. Patrick akawahimiza wamgeukie Mungu, na siku hiyo hiyo kundi la nguruwe likatokea njiani. Wote wakala wakashiba. Walipopata asali ya mwitu, mmoja wao akasema ni ya sadaka. Patrick hakuionja.

Akarudi kwao. Baadaye, ndotoni, alisikia Waayalandi wakimsihi aje atembee tena kati yao. Akaenda kwa hiari kwa watu waliomfanya mtumwa, akabatiza maelfu. Wanawake walipoweka mapambo yao madhabahuni kuwa zawadi kwake, aliwarudishia, mtu asije akasema anahubiri kwa faida.

Lakini askari wa mtawala Coroticus, watu waliojiita Wakristo, waliwavamia waamini wake siku moja baada ya ubatizo, wangali na mavazi meupe. Wengine waliuawa, wengine wakauzwa. Patrick alituma wajumbe kuwaombea mateka, wakachekwa. Ndipo akaandika barua ya wazi: Wakristo wasile wala kunywa pamoja na askari hao, wala wasipokee sadaka zao, mpaka watubu na kuwaachilia mateka.

Sisi wa mashariki tunajua nyumba ambazo mtoto wao alichukuliwa na hajarudi. Patrick aliwasamehe waliomteka yeye, tena akawapelekea Injili. Hata hivyo hakukubali kanisa liketi mezani na wanaoendelea kuteka watu, wala liguse fedha yao. Wapendwa, tusamehe kama yeye. Na mtu wa namna hiyo akileta sadaka kubwa kanisani, tumwulize kwanza: wale uliowachukua wako wapi?