Mwanamke wa Wajir na Swali la Imani Pasipo Dini



Katika darsa zetu huulizwa swali ambalo wazee hulikasirikia na vijana hulipenda: je, yawezekana mtu kuwa na imani pasipo dini? Wako wasemao kwamba imani ni jambo la moyo tu, basi sala na saumu ni desturi ambayo mtu aweza kuiacha. Na ushahidi wao ni kuwataja watu wasiokuwa wa dini yetu, waliofanya wema uliotushinda sisi. Hasira si jawabu. Na tuutazame ushahidi wenyewe. Tuchukue maisha ya mtu mmoja anayejulikana sana na ndugu zetu wa kaskazini, tuyapime kwa uadilifu.

Msafiri atokaye Wajir kwenda El Wak na Mandera hupita Kutulo. Hiyo ni nchi kame ya Wasomali wafugaji, Waislamu wenzetu, ambao uhai wao ni ngamia, mbuzi na visima, na huhama wakiifuata mvua. Miongoni mwa watu hao aliishi miaka 15 Annalena Tonelli, Mtaliana na Mkristo.

Alizaliwa katika mji wa Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943. Alisoma sheria hadi akapata shahada, na tangu ujanani aliwahudumia maskini wa mji wake. Mwaka 1969 alikuja Kenya, umri wake miaka 25, na mwaka uliofuata akafika Wajir kuwa mwalimu. Hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote la kanisa. Kazi aliyoifanya baadaye kwa wagonjwa hakuichukulia mshahara. Aliishi kwa msaada wa jamaa na marafiki wa kwao.

Mwanzo hakupendwa. Alikuwa mgeni, mweupe, kijana, Mkristo, na tena hana mume. Kila moja katika hayo lilitosha kuwafanya watu wamwepuke. Yeye hakushindana nao. Alijitanda mtandio, akajifunza lugha yao, akakaa na wagonjwa.

Ugonjwa aliouchagua ni ule uliokimbiwa na wengi, yaani kifua kikuu. Aliyeupata alionekana kama amelaaniwa, na watu wake waliona haya kuutaja. Tena palikuwa na shida ya dawa. Siku zile tiba ilichukua mwaka na zaidi, na mfugaji hawezi kungoja mwaka mahali pamoja. Mvua ikinyesha mbali, huondoka na mifugo wake. Dawa huachwa njiani, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali kuliko kwanza. Mwaka 1976 bibi huyu alikabidhiwa kazi ya majaribio iliyoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani. Hakuwafungia wagonjwa wodini. Aliwaita waje na vibanda vyao vya miti na mikeka, wavisimamishe jangwani mbele ya kituo chake, wakae miezi 6 kwa dawa mpya, na kila mmoja ameze dawa yake kila siku huku akitazamwa. Kanuni hiyo ya kumeza dawa mbele ya msimamizi, Shirika hilo lilikuja kuieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990.

Februari 1984 ukaja msiba wa Wagalla. Askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, si mbali na mji wa Wajir, wakawaweka juani siku kadha bila ya maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria kuwa waliokufa walikaribia 1,000, na wako wasemao kuwa ni wengi zaidi. Bibi huyu na wenzake walitoka kuwatafuta waliobaki hai na kuwasitiri waliokufa, na habari na picha zikafika nje ya nchi. Mwaka 1985 alifukuzwa Kenya.

Akaenda Somalia, akapita humo katika vita na njaa. Tangu 1996 alikuwa Borama, akiendesha hospitali ya kifua kikuu na shule ya viziwi. Wagonjwa katika hospitali yake walisomeshwa Qurani, wala yeye hakumwita mtu auache Uislamu. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi pale pale hospitalini, akafa.

Sasa na turudi kwenye swali letu. Je, bibi huyu ni shahidi wa wale wasemao kuwa imani haihitaji dini? Hasha. Amtajaye kwa hoja hiyo hakuyajua maisha yake. Alikuwa mtu wa sala kila siku, mwenye nyakati za kujitenga kwa ibada, na alipoulizwa kwa nini aliihatarisha roho yake kwa ajili ya watu wa Wajir, aliitaja dini yake bila ya kuficha. Hakuwa na cheo wala vazi la utawa, lakini ibada hakuiacha.

Na sisi tunayo mafundisho yetu. Bi Aisha alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya Abdullah bin Jud'an, aliyekuwa zama za ujahili akiwaunga jamaa zake na kuwalisha maskini: je, hayo yatamfaa? Akajibiwa kuwa hayatamfaa, kwa kuwa hakumwomba Mola wake hata siku moja amsamehe makosa yake. Basi wema peke yake si imani, maana imani ni kumwelekea Mwenyezi Mungu. Itikadi yetu juu ya dini ya haki haiyumbi kwa sifa za mtu ye yote; na hesabu ya kila nafsi iko kwa Muumba wake, si kwetu.

Lakini liko jambo linalotugusa sisi wenyewe. Annalena alisimulia kwamba mzee mmoja wa Kisomali, aliyewapenda yeye na wenzake, aliwaambia kuwa Waislamu wanayo imani, na wao wanao upendo. Mzee alikusudia kusifu, lakini kwetu ni mashtaka. Ni imani gani hiyo iliyotengana na huruma? Wanavyuoni wetu wamefundisha kuwa imani ni kusadiki kwa moyo, kutamka kwa ulimi na kutenda kwa viungo. Na Sura ya Al-Maun imemtambulisha mwenye kuikadhibisha dini kuwa ni yule amsukumaye yatima, kisha ikawaonya wasalio kwa kujionyesha huku wakinyima msaada mdogo.

Wala upendo huo si wa Wakristo peke yao. Desemba 2015, karibu na El Wak, wauaji walilisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, na Januari 2016 akafariki kwa jeraha lake. Huyo imani na huruma zilikuwa kwake kitu kimoja.

Basi tujitazame. Twashindana kwa minara na masufuria ya pilau, na huku jirani mwenye kikohozi hana wa kumpelekea uji. Kijana ayaonaye hayo ndiye asemaye kuwa dini haina kazi, na nusu ya kosa lake ni letu. Jawabu lake si hotuba. Jawabu ni atuone tukitoka msikitini baada ya Alfajiri, tukaenda kwa mgonjwa.

Mwenyezi Mungu atupe imani yenye matendo. Amin.