Louis Braille: Mwana wa fundi wa ngozi aliyewafungulia wasioona vitabu

WAHENGA walinena kwamba hujafa hujaumbika. Louis Braille aliuonja ukweli wa methali hiyo akiwa na umri wa miaka mitatu tu, ndani ya karakana ya babake, kwa kifaa kilekile kilichokuwa kikiilisha familia yao.

Leo jina lake hutajwa katika kila shule inayofunza watoto wasioona, kuanzia Thika hadi Igoji kule Meru. Hata hivyo, wengi wanaolitaja hulichukulia kuwa jina la maandishi ya nukta nundu tu, wala si la binadamu aliyekula, akaumwa na kufa kama wengine.

Ni wachache wanaofahamu kwamba alikuwa kijana wa miaka 15 alipoyakamilisha maandishi hayo, au kwamba shule yake mwenyewe iliwahi kuyapiga marufuku.

Maisha yake yafaa kukumbukwa na mzazi yeyote wa Kangari, Othaya au Karatina mwenye mtoto asiyeona, asiyesikia au anayekawia kuelewa masomo. Huonyesha kinachowezekana nyumba na shule zinaposhikana mikono, na kinachopotea moja kati ya hizo inapomwachilia mtoto.

Braille alizaliwa Januari 4, 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilomita 40 mashariki mwa Paris, nchini Ufaransa. Babake, Simon-René, alikuwa fundi wa kushona matandiko na hatamu za farasi. Mamake aliitwa Monique. Louis alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto wanne.

Mnamo 1812, mtoto huyo aliingia katika karakana na kuanza kuchezea vifaa kama alivyozoea kumwona babake akifanya. Chombo chenye ncha kali, ambacho wengi husimulia kuwa kilikuwa msharasi wa kutobolea ngozi, kilimponyoka na kumdunga jichoni.

Enzi hizo tabibu hawakuwa na dawa za kuua viini. Jicho lilifanya usaha, na maradhi yakaenea hadi jicho la pili. Alipofikisha miaka mitano, Louis alikuwa haoni kabisa.

Msiba huo uliwafika wazazi wake wakati mbaya. Kati ya 1814 na 1816, kufuatia kushindwa kwa Napoleon, wanajeshi wa kigeni walipiga kambi katika eneo hilo na wanakijiji wakalazimika kuwapa malazi na chakula. Katika dhiki kama hiyo, ingekuwa rahisi kumweka mtoto kipofu pembeni na kumhesabu kuwa mzigo.

Isitoshe, desturi za siku hizo zingewaunga mkono. Wengi wasioona waliishia kuombaomba barabarani, na wengine walifanywa kichekesho. Mnamo 1771, katika maonyesho ya biashara mjini Paris, kundi la vipofu lilivalishwa mavazi ya kipuuzi na kupewa ala za muziki ili watazamaji wacheke. Miongoni mwa walioshuhudia fedheha hiyo alikuwemo Valentin Haüy, ambaye ilimchoma moyo hata akaanzisha shule ya wasioona mjini humo mnamo 1785.

Simon-René na Monique hawakumficha mwana wao. Baba alimchongea fimbo, naye Louis akajifunza kutembea kijijini kwa kugusa njia na kusikiliza sauti. Alipewa kazi za nyumbani kama ndugu zake, ikiwemo kutengeneza nyuzi za kupambia hatamu.

Inasimuliwa pia kwamba babake alipigilia misumari yenye vichwa vya mviringo juu ya ubao, akaipanga kwa umbo la herufi, ili mtoto azisome kwa vidole. Fundi huyo hakuwa amesomea ualimu. Alitumia alichokuwa nacho, yaani nyundo, misumari na subira.

Mnamo 1815 kasisi mpya, Jacques Palluy, alifika Coupvray na kuanza kumfunza Louis. Baadaye alimwombea nafasi katika shule ya kijiji, na mwalimu Antoine Bécheret akakubali kumpokea pamoja na watoto wanaoona. Wakati huo hapakuwa na sheria yoyote iliyomlazimisha kufanya hivyo.

Louis alisikiliza, akakariri, na akawapita wenzake wengi. Lakini wenzake walipofungua vitabu au kushika kalamu, yeye alikaa kimya mikono ikiwa mapajani. Alikuwa ameingia darasani, ila elimu aliyoipata ilikoma pale masikio yake yalipokoma.

Hali hiyo ingali ikiwakumba watoto wengi. Kumpa mtoto dawati ni hatua ya kwanza tu. Asipokuwa na kifaa cha kusomea wala mwalimu ajuaye kukitumia, atahudhuria masomo bila kusoma.

Kasisi alilitambua hilo. Kwa msaada wa mwungwana wa eneo hilo, Mtukufu d'Orvilliers, Louis alipata nafasi katika shule ile iliyoanzishwa na Haüy. Aliingia huko Februari 1819 akiwa na miaka 10.

Shule ilikuwa katika jengo kuukuu lenye unyevunyevu. Vitabu vilikuwa vichache na vizito, vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Msomaji alilazimika kufuata mzingo wa kila herufi kwa kidole, na alipofika mwisho wa sentensi ndefu aliweza kuwa amesahau mwanzo wake. Kibaya zaidi, mwanafunzi hangeweza kuyaandika maandishi hayo yeye mwenyewe. Yalikuwa yamebuniwa na mtu aonaye, kwa kufuata kinachopendeza macho.

Mnamo 1821, afisa mstaafu wa jeshi, Charles Barbier, aliwasilisha shuleni mtindo wake wa kuandika kwa nukta 12 zilizoinuliwa. Louis, aliyekuwa na miaka 12, aligundua upesi kwamba nukta husomeka kwa kidole kuliko mistari. Aligundua vilevile kasoro za mtindo huo. Nukta 12 zilikuwa nyingi mno kwa ncha ya kidole, ziliwakilisha sauti badala ya tahajia, na hazikuwa na alama za uakifishaji.

  Louis alirejea kwa karatasi zake, usiku bwenini na wakati wa likizo kwao Coupvray, akitoboa na kupapasa, akifuta na kuanza upya.

Kufikia 1824 alikuwa amekamilisha. Alipunguza nukta hadi sita, tatu kila upande, ili herufi nzima ienee chini ya ncha ya kidole kimoja kwa mguso mmoja. Nukta hizo sita hutoa michanganyiko 63, inayotosha herufi, tarakimu, alama za uakifishaji na hata muziki. Kitabu cha kuyaeleza maandishi hayo kilichapishwa mnamo 1829.

Mwandishi hutumia kibao chenye vijidirisha na chuma kifupi chenye ncha, hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kuisoma. Chuma hicho hakitofautiani sana na msharasi uliompofusha.

Mnamo 1833 Braille alithibitishwa kuwa mwalimu kamili shuleni humo. Alifunza masomo mbalimbali, pamoja na muziki, na alipiga kinanda kanisani mjini Paris. Babake alikuwa amefariki mnamo 1831, na inaelezwa kwamba kabla ya kukata roho aliomba mwalimu mkuu, Alexandre-René Pignier, asimtupe mwanawe. Pignier alilitimiza ombi hilo. Aliwaruhusu wanafunzi kutumia nukta hizo ijapokuwa serikali haikuwa imeziidhinisha.

Braille hakuwasahau waliobaki nyumbani. Wazazi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma nukta, hivyo mtoto hangeweza kuwaandikia barua. Mnamo 1839 alibuni mtindo mwingine wa kuchora herufi za kawaida kwa nukta, na mnamo 1841 rafikiye asiyeona, Pierre Foucault, akaunda mashine ya kuurahisisha. Kwa njia hiyo mwanafunzi kipofu aliweza kuandika barua mwenyewe, na mamake akaisoma kwa macho yake.

Mambo yaliharibika mnamo 1840 Pignier alipoondolewa na nafasi yake kutwaliwa na naibu wake, Armand Dufau. Mkuu huyo mpya aliamini kwamba maandishi ya pekee yangewatenga wasioona na jamii ya waonao. Alizipiga marufuku nukta, na vitabu vikachomwa moto.

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na hadi leo husikika kwa sura nyingine pale mtu anapodai kwamba lugha ya ishara au vifaa maalum humtenga mtoto na wenzake. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuwauliza wanafunzi. Wao walijua kinachowatenga hasa ni kutoweza kusoma. Waliendelea kuandikiana kwa siri, kwa uma na sindano za kufumia, na wakubwa wakawafunza wadogo gizani.

Hatimaye Joseph Guadet, aliyekuwa msaidizi wa Dufau, aliona marufuku hiyo haizai matunda, akamshawishi mkuu wake kuiondoa. Februari 1844, katika hafla ya kuzindua jengo jipya la shule, watoto waliandika kwa nukta na kusoma mbele ya hadhira. Wageni walishangilia. Dufau naye alikuwa amebadili msimamo, jambo ambalo si kila kiongozi wa shule huliweza.

Wakati huo Braille alikuwa mgonjwa. Kifua kikuu kilikuwa kikimsumbua tangu alipokuwa na umri wa takriban miaka 26, na mara kadhaa alilazimika kurudi Coupvray kupumzika. Aliaga dunia Januari 6, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Kifo chake hakikutangazwa katika magazeti ya Paris.

Husimuliwa kwamba aliacha kisanduku kidogo na agizo kichomwe bila kufunguliwa. Waliokifungua walikuta hati za madeni ya wanafunzi aliokuwa amewakopesha kutoka kwa mshahara wake mdogo.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1854, shule yake iliyapitisha rasmi maandishi hayo. Mnamo 1878 mkutano wa kimataifa mjini Paris uliyaunga mkono, na yakaenea kote duniani. Mnamo 1952 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Mikono yake ilibakishwa katika kaburi la Coupvray. Tangu 2019, Umoja wa Mataifa huadhimisha Januari 4 kuwa Siku ya Braille Duniani.

Nukta hizo zilifika pia kwetu. Mnamo 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mjini Thika, na baadaye ikafuata ya St Lucy's kule Igoji. Watoto wasiosikia nao wana shule zao Tumutumu na Kerugoya. Chuo cha elimu maalum, KISE, kilianzishwa jijini Nairobi mnamo 1986 kuwaandaa walimu. Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano.

Hivyo basi, mzazi wa Kangari ana njia ambazo Simon-René hakuwa nazo. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vimekuwepo tangu 1984, na huko ndiko mtoto hupimwa na mzazi kushauriwa kuhusu shule inayomfaa. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mnamo 2003, watoto wengi waliokuwa wamesalia nyumbani walifika shuleni.

Hata hivyo, kuna watoto ambao huzuiliwa nyumbani kwa aibu, na wengine huitwa wajinga darasani kwa sababu hakuna aliyewapima macho, masikio wala uwezo wao wa kusoma. Mtoto wa namna hiyo hupoteza miaka ambayo hairudishwi. Braille alianza kushika herufi mapema kwa kuwa wazazi wake hawakungoja.

Wajibu wa nyumbani si mgumu kuueleza: mtoto apelekwe kupimwa mapema, apewe kazi kama nduguze, azungumziwe, atembezwe, aguse vitu na kuvitaja majina. Akipelekwa bweni mbali na kwao, mzazi ajifunze angalau herufi za nukta au ishara chache, ili likizo isiwe kipindi cha ukimya.

Wajibu wa shule ni kumsikiliza mwanafunzi mwenyewe kuhusu kinachomsaidia. Kama Pignier asingeziruhusu nukta za kijana wa miaka 15, na kama Guadet asingezitetea baadaye, huenda zingezikwa pamoja na mbunifu wake.

Mtoto wa fundi wa ngozi hakuzaliwa akiwa shujaa. Aliinuliwa na baba mwenye misumari, kasisi mwenye wakati na mwalimu wa kijiji aliyempokea darasani. Watu wa aina hiyo wapo pia katika vijiji vyetu, na baadhi yao wana mtoto anayewasubiri katika nyumba ya jirani.