Tom Mboya: aliyejiunga na chama viongozi wake wakiwa kizuizini

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na usiku huo ikamtia mbaroni Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wenzake wa chama cha KAU. Chama chenyewe hakikuwa kimepigwa marufuku, lakini kujulikana kuwa mwanachama wake kulitosha kumtia mtu mashakani. Ni wakati huo ambapo Thomas Joseph Mboya, mkaguzi wa afya jijini Nairobi, mwenye umri wa miaka 22, alipojiunga nacho.

Alizaliwa mwaka 1930 karibu na Kilimambogo, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake, Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga. Karo ilipokosekana, aliyakatiza masomo ya sekondari na kusomea ukaguzi wa afya. Kazini alilipwa pungufu mno kuliko mkaguzi wa Kizungu wa cheo kilekile, na haishangazi kwamba siasa yake ilianzia kwenye mshahara.

Ndani ya KAU alipanda upesi, kwa kuwa nafasi zilikuwa wazi na wa kuzijaza walikuwa wachache. Alikabidhiwa kazi ya habari, kisha ukaimu wa mweka hazina. Kaimu rais wa chama, Walter Odede, naye alikamatwa Machi 1953, na mwezi Juni chama kikapigwa marufuku.

Kwa kijana wa Nairobi, mlango pekee uliosalia ulikuwa vyama vya wafanyakazi. Mboya aliupita huo. Kabla mwaka haujaisha akawa katibu mkuu wa shirikisho lao, na mwaka 1955 akasuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, waliopata nyongeza ya mshahara. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. KANU ilipoundwa mwaka 1960, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu.

Mwaka 1962 alimwoa Pamela, binti wa yuleyule Odede.

Alipigwa risasi mchana wa tarehe 5 Julai 1969, akitoka katika duka la dawa jijini Nairobi, akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga.