Jack Teagarden, Mpiga Tromboni

Tromboni ni tarumbeta kubwa ya shaba yenye bomba refu. Mpigaji akilisukuma bomba mbele, sauti hushuka. Akilivuta nyuma, hupanda. Vituo vyake ni saba, na kila kituo hutoa sauti kadha wa kadha, kwa kadiri midomo inavyokazwa au kulegezwa.

Jack Teagarden alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Vernon, Texas, nchi ya Marekani. Mama yake alikuwa mpiga piano, naye alimfundisha muziki. Jack alianza tromboni angali mtoto mdogo, na mkono wake haukuweza kufika vituo vya mbali. Basi akajizoeza kuzitafuta sauti kwa midomo, huku bomba likisogea kidogo tu karibu na kinywa. Hata alipokuwa mtu mzima hakuiacha desturi hiyo.

Siku zile, huko Texas, sheria ziliwatenga Wazungu na watu weusi. Lakini watu weusi walifanya mikutano ya ibada hemani karibu na kwao, na Jack, mtoto wa Kizungu, alizisikiliza nyimbo zao kwa hamu. Sauti zile za huzuni na tumaini zikamkaa moyoni, naye akazitia katika upigaji wake.

Alipofika New York, wapigaji wengi wa tromboni walikuwa wakipiga kwa kishindo na kuburuta sauti. Jack alipiga polepole na kwa upole, kama mtu aimbaye, na alipotaka aliruka upesi kutoka sauti hata sauti. Pengine aliondoa mdomo mpana wa chombo, akafunika bomba kwa bilauri, nacho kikatoa sauti kama ya mtu anayeomboleza.

Mwalimu wake mwingine, kwa kumsikiliza tu, alikuwa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi. Mwaka 1929 walipiga pamoja katika sahani ya santuri, jambo lililokuwa nadra wakati ule kwa watu wa rangi mbili. Baadaye Jack aliunda bendi yake mwenyewe, lakini mwaka 1946 ikavunjika kwa madeni. Mwaka uliofuata Armstrong akamkaribisha katika bendi yake, wakapiga na kuimba pamoja hata mwaka 1951.

Jack alikufa New Orleans mwaka 1964. Mkono mfupi haukumzuia, wala ubaguzi haukumziba masikio. Katika mambo hayo mawili ndiko ulikotoka mtindo wake.